Meli Haikungoji: Siku Yetu Moja Bergen



Mwaka 2019 niliweka hapa picha zangu na mama mchungaji tukiwa Norway, tumevaa makoti ya mvua katikati ya mwezi wa Juni. Mlicheka sana, mkaandika amina nyingi, na wengi wenu mkaomba nisimulie. Sikusimulia. Nilisema nina shughuli nyingi. Ukweli ni kwamba siku ile iligusa jambo ambalo sikuwa tayari kuliandika, na jambo lenyewe halikuwa langu peke yangu. Sasa mwenyewe amenipa ruhusa, mradi nisitaje jina lake. Andiko la leo ni refu. Weka chai karibu.

Na kabla mtu hajauliza sadaka zilienda wapi: kijana wetu wa kwanza ni mpishi kwenye meli ya watalii. Wafanyakazi wa meli ile huruhusiwa kuwaleta wazazi wao kwa bei ya chini sana, naye alituwekea akiba miaka miwili kimyakimya. Sisi kazi yetu ilikuwa viza tu, nayo ilitupeleka Nairobi mara tatu. Tulipandia meli Kiel, Ujerumani. Kwa siku mbili za kwanza mama mchungaji alikuwa akitandika kitanda chake mwenyewe kabla yule kijana wa usafi hajafika, eti asionekane mvivu.

Jioni kabla ya kufika Bergen, mwanetu alipata nusu saa ya mapumziko akaja kutuona. Akasema, "Baba, msinunue zile safari za basi za meli. Bei yake mtalia. Pale Bergen bandari iko ndani ya mji, mnashuka mnatembea kwa miguu. Lakini nisikilizeni vizuri. Aliyetoka na basi la meli akichelewa, meli inamngoja, kwa sababu ni basi lao. Aliyetoka mwenyewe akichelewa, meli haimngoji. Inaenda na nguo zake."

Mama akauliza, "Hata kama mtoto wake ndiye anayewapikia?"

"Mama, hata kama mtoto wake ni nahodha."

Nikaandika kwenye kiganja changu kwa kalamu, kama mtoto wa shule: SAA KUMI NA NUSU. Huo ndio muda wa mwisho wa kuwa ndani.

Tulifunga gati saa mbili asubuhi, mahali panapoitwa Skolten. Wapendwa, mimi nimeijua Mombasa tangu utoto, na nilidhani najua bandari ni nini. Ile ni tofauti. Bahari inaingia katikati ya milima kama mkono unaoingia mfukoni, na mji umekaa pale chini, nyumba nyeupe na nyekundu zikipanda mlimani. Wenyeji huhesabu milima saba kuzunguka mji wao. Sisi tulihesabu miwili, mingine ilikuwa mawinguni. Mji ule hunyeshewa zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na sisi tulipewa mojawapo. Mvua yenyewe si kama yetu inayokuja na kelele ikaisha. Ni mvua inayokaa na wewe, nyepesi, haina haraka, mpaka unagundua soksi zimelowa.

Hatua chache kutoka kwenye gati kuna ngome ya zamani, Bergenhus, na ndani yake ukumbi wa mawe wa mfalme Håkon Håkonsson, uliofanyiwa harusi ya mwanawe Magnus mwaka 1261. Tarehe 20 Aprili 1944, Wajerumani wakiwa wameikalia Norway, meli ya Kiholanzi iitwayo Voorbode, iliyobeba baruti, ililipuka pale bandarini. Zaidi ya watu 150 walikufa, na paa la ukumbi ule likateketea. Wamelijenga upya. Ukipita leo hungejua.

Kisha unafika Bryggen. Hapa nataka mkae na mimi kidogo.

Ni mstari wa nyumba za mbao kando ya maji, zimebanana, paa zao zina ncha, rangi nyekundu na manjano na nyeupe. Ukizitazama kutoka mbele unadhani ni duka moja moja. Lakini kati ya nyumba na nyumba kuna vichochoro, na ukiingia unakuta zinarudi nyuma mbali sana, roshani juu ya roshani, ngazi za mbao nje, sakafu zimeinama upande. Tulitembea mle kama watu waliolewa, na mimi naapa sijawahi kuonja. Harufu yake ni ya mbao za kale na lami.

Tangu kama mwaka 1360 mahali pale palikuwa pa wafanyabiashara wa Kijerumani, wale wa umoja wa Hansa. Samaki aina ya torsk walivuliwa kaskazini mwa Norway, wakaanikwa kwa upepo na baridi mpaka wakawa wakavu kama ukuni. Watu wa Pwani, fikiria ng'onda, lakini bila chumvi. Walishushwa Bergen, wakapelekwa Ulaya nzima, na meli zikarudi na nafaka. Mji ulijengwa juu ya samaki mkavu. Tangu mwaka 1979 nyumba zile ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Jambo lililonishika ni hili. Kwa sababu kila kitu ni mbao, moto ulikatazwa katika nyumba zile. Hakuna jiko, hakuna kuota moto. Katika baridi ile! Wanaume na vijana wanafunzi wa biashara waliishi mle wakati wa baridi bila cheche moja, na walipotaka kula chakula cha moto au kupasha miili waliingia kwenye nyumba za pamoja zilizokuwa kando, zilizoruhusiwa moto. Na pamoja na tahadhari yote hiyo, Bryggen iliungua tena na tena. Moto wa mwaka 1702 ulimaliza karibu yote, nyumba tunazoziona ni zilizojengwa baada ya hapo. Mwaka 1955 moto mwingine ukala sehemu kubwa ya zilizobaki. Nilitia alama hilo moyoni nikitafuta mahubiri. Si mnajua sisi wachungaji, hatuoni kitu bila kutafuta pointi tatu.

Sokoni kwa samaki mama mchungaji alisimama mbele ya kipande cha nyama nyeusi kama maini. Muuzaji akasema ni nyangumi. Mama akarudi nyuma hatua mbili akasema, "Huyu si ndiye wa Yona?" Tukanunua bakuli moja la supu ya samaki tukala wawili. Krone 150. Siku hizo krone moja ilikuwa karibu shilingi 12, fanya hesabu mwenyewe, mimi niliifanya nikapoteza ladha.

Tulitaka kupanda Fløibanen, ile treni ndogo inayovutwa kwa kamba ya chuma kupanda mlima Fløyen, mita 320 juu ya mji, tangu mwaka 1918. Lakini siku hiyo bandarini kulikuwa na meli nyingine kubwa mbali na yetu, na foleni ilikuwa imetoka nje ikapinda. Njia ya miguu ipo, ila magoti ya mama yalikataa. Nikatazama kiganja changu. Saa saba kasoro. Mvua ikazidi. Tukaanza kutembea bila mpango, tukishika barabara inayoitwa Kong Oscars gate, ili tuingie penye paa.

Tukapita kanisa kuu la mji, ambalo ukutani kwenye mnara wake kuna risasi ya mzinga imeganda tangu mwaka 1665, Waingereza na Waholanzi walipopigana bandarini. Hawakuitoa. Mbele kidogo tukaona uzio, bustani, nyumba za mbao, na kibao kilichoandikwa Lepramuseet.

Sijui Kinorwe. Lakini "lepra" niliielewa. Mama akaisoma kwa sauti, akanitazama, akaingia. Mimi nikamfuata.

Mahali pale ni hospitali ya St. Jørgen. Imewahudumia wagonjwa wa ukoma tangu miaka ya 1400. Majengo ya sasa ni ya baada ya moto wa 1702, ule ule wa Bryggen. Kuna kanisa dogo humo humo. Na kuna jengo kuu: ukumbi mrefu wa mbao, na pembeni, chini na juu, milango midogo iliyopangana. Nyuma ya kila mlango kuna chumba. Nilisimama katikati ya kimoja nikanyoosha mikono. Vyumba hivyo watu waliishi wawili wawili, miaka na miaka. Mbao za sakafu zimelika katikati kwa miguu yao.

Kijana wa makumbusho alitueleza kwa Kiingereza safi. Katika miaka ya 1800 ukoma ulikuwa mwingi sana magharibi mwa Norway, kwa maskini wa mashambani na wavuvi, na Bergen ikawa na hospitali kadhaa za ugonjwa huo. Mwaka 1856 nchi ilianza kuandika rejista ya kila mgonjwa, jina kwa jina. Kumbukumbu za ukoma za Bergen zenyewe sasa zinalindwa na UNESCO.

Akatutajia pia mchungaji. Nilisimama wima niliposikia neno hilo. Johan Ernst Welhaven alikuwa mhudumu wa kiroho pale St. Jørgen, na mwaka 1816 aliandika taarifa kuhusu aliyoyaona kwa wale watu: jinsi walivyooza wakiwa hai, jinsi walivyobanana, jinsi walivyosahaulika. Aliifananisha hospitali na kaburi la walio hai. Aliingia vyumbani, akawatazama mmoja mmoja, akaandika ili wenye uwezo wasiseme hawakujua.

Halafu daktari Gerhard Armauer Hansen. Kabla yake wataalamu wakubwa, pamoja na baba mkwe wake mwenyewe, daktari Danielssen, waliamini ukoma unarithiwa katika damu ya ukoo. Mwaka 1873, hapo Bergen, Hansen aliona kwa hadubini vijiti vidogo ndani ya chembe za mgonjwa, akasema hiki ndicho kisababishi, ni kiini cha maradhi, si ukoo. Ilikuwa miaka tisa kabla ya Koch kutambua bakteria ya kifua kikuu mwaka 1882. Na bakteria hizo mbili ni za jamii moja, kama binamu.

Ningependa kuwaambia Hansen alikuwa malaika. Hakuwa. Mwaka 1879 alijaribu kumpandikiza mwanamke mmoja mgonjwa vimelea jichoni, bila ruhusa yake, ili athibitishe nadharia yake. Mwanamke akasema. Mwaka uliofuata mahakama ikamtia Hansen hatiani, akapoteza nafasi yake hospitalini, ingawa aliendelea kusimamia kazi ya ukoma nchini. Mtu aliyewaondolea watu wale aibu ya ukoo ndiye aliyemshika mmoja wao kama kifaa. Na ugunduzi wenyewe ulikuwa na ncha mbili. Ulisema, "Huna laana." Papo hapo ukasema, "Wewe ni hatari." Sheria ya mwaka 1885 iliwapa maafisa uwezo wa kumlazimisha mgonjwa atengwe nyumbani kwake, au aingie hospitalini. Leo tunajua ukoma hauambukizi kwa urahisi, miili ya watu wengi sana huuzuia yenyewe, na dawa yake ipo. Wagonjwa wawili wa mwisho wa St. Jørgen walifariki mwaka 1946.

Nilikuwa nasikiliza haya yote, lakini akili yangu ilikuwa imeshatoka Norway.

Wale wa zamani kanisani mnajua dada ninayemzungumzia. Alikuwa anaongoza jiko letu. Chai ya baada ya ibada, yeye. Mkesha, yeye. Matanga, yeye, anafika kabla ya jamaa wa marehemu. Mwaka 2016 alianza kukohoa, akapimwa, ikawa TB. Alikuja ofisini akaniambia mwenyewe, kadi ya kliniki mkononi. Nilimwombea. Mimi nikimwombea mtu humwekea mkono. Siku hiyo niliomba nikiwa upande wangu wa meza.

Akaanza dawa. Baada ya muda kliniki ikampima tena, wakamwambia hawezi kuambukiza mtu, ila aendelee kumeza mpaka amalize miezi sita. Alinileta habari hiyo anang'aa. Lakini ya kwanza ilikuwa imeshatoka, na hii ya pili haikumkuta mtu. Watu walianza kukataa chai. "Mchungaji, leo nimefunga." Sijawahi kuona kanisa lililofunga kwa bidii kama letu miezi ile.

Tukakaa kikao. Nikatumwa mimi. Nilimwambia kwa maneno laini, "Dada, pumzika kidogo mpaka umalize dawa, halafu tutaona." Hakulia. Aliniuliza swali moja: "Ni Mungu amesema au ni kikao?" Nikamjibu kwamba ni hekima.

Na kuna kitu ambacho sikumwambia mtu. Katika vile vikombe vyetu vya bati, vyeupe vyenye ukingo wa samawati, kimoja kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu ya kucha, chini ya mkono wake, ili kijulikane. Kilikuwa kimewekwa kando kwa ajili yake. Nilikiona Jumapili moja nikajua maana yake mara hiyo hiyo. Nikachukua kingine, nikanywa chai yangu.

Alimaliza dawa, akapona kabisa. Kufikia hapo alikuwa hayuko nasi tena. Hakuna aliyemfukuza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema kila nikiulizwa: hakuna aliyemfukuza.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi bustanini, chini ya mwavuli mmoja. Makumbusho yalikuwa yanakaribia kufunga. Mama mchungaji akasema, "Unamfikiria nani?"

"Simfikirii mtu."

"Mimi namfikiria."

Tukanyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula nyumbani wakati ule wa dawa, wanakula sahani moja, nami nilikuwa namwambia awe mwangalifu. Akaendelea, "Baba, yule mchungaji wa hapa aliingia vyumbani akaandika. Wewe ulifungua kikao kwa maombi." Hakusema kwa hasira. Ningependelea hasira.

Sijui tulikaa muda gani. Nilipokumbuka kiganja changu, wino ulikuwa umefutika kwa mvua, lakini saa ya simu ilisema saa kumi kasoro dakika kumi. Kutoka pale hadi kwenye meli ni mwendo wa kama nusu saa kwa mtu mzima wa miguu. Tukainuka mbio. Tukaishika Kong Oscars gate kurudi, tukapita kanisa lenye risasi, tukapita soko la samaki. Pale mbele ya Bryggen barabara ni ya mawe yaliyopangwa, mvua imeyafanya kama sabuni. Mama akateleza. Akaanguka kwa goti lile lile baya.

Kijana mmoja wa huko akatusaidia kumwinua. Goti lilikuwa limechubuka, anaweza kusimama, lakini kutembea ni hatua moja na pumzi. Saa kumi na dakika saba. Meli naiona. Naiona kabisa, kubwa kuliko ngome, inatoa moshi. Na teksi zote zinapita zikiwa na watu.

Wapendwa, nitawaambia ukweli kwa sababu nimeshaanza. Mdomo wangu ulisema, "Mama, ngoja nitangulie niwaambie watungoje."

Akanishika mkono wa koti. Akaniuliza polepole, "Watakusikiliza? Mwanao si amekuambia? Ukitangulia utaingia. Mimi nitabaki. Halafu utaniombea ukiwa upande wako wa bahari?"

Ile meza ofisini sikuwahi kumsimulia. Kumbe dada alikuwa amemsimulia.

Nikampa bega. Tukatembea kwa mwendo wake. Nilijiambia ikiondoka na iondoke, nguo zitanunuliwa. Mambo mengine sikumbuki, nakumbuka uzito wake begani na mwavuli umegeuka nje ndani kwa upepo. Tulifika chini ya ngazi ya meli saa kumi na dakika ishirini na sita. Mlinzi akachukua kadi zetu, akatazama goti, akasema kwa Kiingereza, "Mmebahatika."

Usiku, mama akiwa amelala na barafu gotini, nilifungua Biblia. Sikwenda Walawi 13, ile ninayoijua, ambapo mwenye ukoma anakaa peke yake nje ya kambi. Nilikwenda Hesabu 12. Miriamu amepigwa na ukoma, amewekwa nje ya kambi siku saba. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara ninahubiri kumsema vibaya mtumishi wa Mungu. (Mnacheka. Mnajua ni kweli.) Usiku ule nikaona mstari wa 15, ambao nimekuwa nikiuruka. Watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa ndani. Taifa zima, wanawake, watoto, mifugo, wanaelekea nchi ya ahadi, na wanakaa siku saba jangwani wakimngoja mgonjwa mmoja. Na yeye ana makosa! Dada yetu alikuwa na kosa gani? Kukohoa.

Nilimwandikia usiku huo. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mara ya kwanza ilitoka kama tangazo la kanisa. Mwishowe niliandika mambo matatu tu: kwamba nilijua haambukizi na bado nikamsimamisha, kwamba nilikiona kikombe, na kwamba naomba nije kwake tukirudi. Intaneti ya melini ni ya kununua kwa bei kali, kwa hiyo ujumbe uliondoka siku ya pili tulipofika bandari nyingine. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. "Nimepokea, mchungaji." Basi.

Tuliporudi nilikwenda. Mama alitaka kuja, nikamwambia hii ni yangu. Dada alinikaribisha vizuri, akanipikia chai ya tangawizi, akanimiminia kwenye kikombe kama vya wengine wote pale ndani. Nilisema niliyokwenda kusema. Hakunirahisishia. Aliniambia kuwa kukohoa hakukumuumiza kama Jumapili ile alipoingia jikoni kuaga, akakuta mtu amemwagia chai kwenye kile kikombe, akampa kwa tabasamu. Aliniambia amenisamehe, lakini sasa anaabudu kwingine, wamempa jiko huko, na hana haja ya kurudi. Nilikuwa nimekwenda na matumaini ya ushuhuda mzuri wa kuwaletea. Sikuupata. Aliponisindikiza getini akaniuliza, "Kile kikombe bado kipo?"

Nikasema sijui.

Jumapili iliyofuata niliingia jikoni kanisani kabla ya ibada. Kilikuwa kabatini, nyuma ya sufuria kubwa, kimejaa vumbi, rangi ya kucha bado ipo. Nikakitoa nikaanza kukiosha. Binti mmoja wa jikoni, aliyejiunga nasi mwaka 2018, ambaye hajawahi hata kumwona yule dada, akaniambia kwa heshima, "Samahani mchungaji, hicho huwa hatukitumii."

Nikamwuliza kwa nini.

Akafikiri. "Sijui. Nilikuta hivyo."

Nikamimina chai yangu humo. Rangi sijaitoa, na kila mhudumu mpya wa jikoni akiniuliza, ninamsimulia. Mama mchungaji goti lake limepona, ila ngazi anazipanda akilalamika. Kijana bado yuko majini.

Jumapili ibada ya kwanza ni saa mbili. Chai ni baada ya ibada, kwa wote.